Kabla Maithili Hajapanda Jukwaani

Kumbakonam,
19 Novemba 1978

Shemeji Vedavalli,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini kaka Varadan ni mzima, binti yenu Maithili mzima, na kikohozi chako cha vumbi la chaki kimepungua. Mvua imetuzidi mwaka huu. Mto umefunika ngazi za kuogea, na ofisini kwetu, idara ya mifereji, malalamiko ya wakulima yamejaa hadi kwenye viti. Mkubwa wangu Bwana Natesan amenihamishia meza karibu na mlango wake ili aniite bila kupaza sauti. Anasema ni heshima. Mimi naruka kila anapokohoa.

Utashangaa barua hii kuletwa shuleni kwako badala ya nyumbani. Naomba usimwonyeshe kaka. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikairudia, kwa hiyo samahani kwa uchafu wa karatasi.

Mama anaumwa, Shemeji. Si goti. Goti ndilo tunalomwambia kaka. Ni tumbo. Daktari alinitoa nje hadi penye viatu, akaniuliza, "Wewe ndiye mwana mkubwa?" Nikasema mkubwa yuko Madras. Akasema, "Basi mwite mkubwa." Akavaa kandambili zake akaenda.

Nilirudi ndani kuchukua kalamu. Mama alikuwa ameketi, anachambua dengu kana kwamba hakuna kitu.

"Unamwandikia nani?"

"Kaka."

"Weka kalamu. Varadan akiitwa atakuja, akija ataniona, akiniona atafuta kila kitu. Namjua, nimemzaa. Mtoto amejifunza kucheza kwenye sakafu ya mwalimu tangu hajang'oa meno ya utoto, halafu azuiliwe na tumbo langu?"

"Lakini, Mama, likitokea jambo, yeye ndiye..."

"Utafanya wewe."

Nimeshindwa kulala vizuri tangu siku hiyo. Unajua kama ninavyojua: mwana mkubwa ndiye anayewasha moto wa kumchoma mama yake akifa. Hiyo ni haki ya kaka, hakuna mwingine. Na akishafiwa, nyumba yake haina sherehe mwaka mzima. Maithili hatapanda jukwaani kucheza onyesho lake la kwanza. Sasa mimi niliye katikati nifanye nini? Mama anasema tangu utoto nikitumwa chumvi dukani hurudi kuuliza ni ya mawe au ya unga. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mama anakusalimu. Ameniagiza nimalizie kila barua kwa maneno hayo, ili ujue yupo.

Shemeji yako,
Aravamudan


Madras,
28 Novemba 1978

Shemeji Aravamudan,

Salamu zako zimefika. Kaka yako mzima, kazi ya benki inamnenepesha. Kikohozi kipo, chaki ipo, watoto wa darasa la sita wapo, nitapona nikistaafu. Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha walimu, nikawaambia wenzangu macho yangu yana vumbi.

Maithili atapandishwa jukwaani Jumapili ya tarehe 21 Januari. Ukumbi tumeshapata, kadi zimeshachapwa, zina manjano pembeni kama inavyotakiwa. Mwalimu wake, Arunachalam, haoni tena isipokuwa vivuli. Anakaa na matoazi yake, anafuata miguu ya mtoto kwa masikio. Juzi aliniambia, "Mama, huyu ndiye wa mwisho. Baada yake mwanangu ananichukua Nagpur nikae kwenye kiti." Kwa hiyo usiniambie tungoje mwaka. Nimewaza hilo kabla yako.

Maithili ameweka kwenye onyesho wimbo aliofundishwa na mama likizo ile ya joto kali, wa mama anayembembeleza Krishna mdogo anywe maziwa. Mwalimu alitaka kuutoa, akasema ni wimbo wa jikoni. Mtoto akamjibu, "Basi mimi nitacheza jikoni." Angekuwa mwingine angechapwa. Kila siku ananiuliza, "Bibi atakuja?" Nasema akiweza. "Bibi hashindwi na kitu."

Mama alipoolewa hapo, siku ya pili tu mama mkwe wake alilipandisha darini zeze alilokuja nalo, likaliwa na mchwa. Hilo aliniambia mimi, hakuwaambia nyinyi wanaume. Ndiyo maana siwezi kumkatalia.

Nimemuuliza kuhani wa hekalu letu, nikajifanya ni jambo la jirani. Alisema mwiko wa msiba unaanza siku mtu anapopata habari. Asiyepata habari hana mwiko. Sasa nisikilize vizuri. Likitokea jambo, usimwandikie kaka yako. Na mimi usiniandikie. Ni mimi nitakayewasha taa ya jukwaa, mikono yangu lazima iwe safi. Andika habari za mto, andika habari za Bwana Natesan, lakini hilo usiandike.

Mpe mama maji ya mchele yenye chumvi kidogo, huwa anayapokea.

Vedavalli


Kumbakonam,
23 Desemba 1978

Shemeji mpendwa,

Natumaini hamjambo. Huku baridi ya asubuhi imeanza, wasichana wa mtaani wanachora maua ya unga wa mchele mbele ya milango, na Bwana Natesan amevaa sweta la mkewe. Aliponiona namtazama alisema, "Karani, umepoteza kitu kifuani kwangu?"

Maji ya mchele aliyapokea wiki ya kwanza. Sasa ni kijiko kimoja kimoja. Amekuwa mwepesi, namwinua peke yangu. Mama Pankajam wa nyumba ya pili hunisaidia kumwogesha, na kila akitoka ananisimamia kibarazani: "Kaka yako yuko Madras au yuko Londoni? Treni imekatika?" Nasema anakuja. Ananitazama kama mtu anayetazama sarafu mbovu.

Juzi mama aliimba. Sauti haikutoka sana, lakini mkono ulikuwa unapiga mapigo juu ya blanketi. Halafu akaniambia nitakwenda Madras tarehe hiyo.

"Utakaa nyuma. Mjane hakai mbele kwenye sherehe, hata ningekuja mimi ningekaa nyuma. Kaa palepale ambapo ningekaa. Mtazame vizuri, uje unieleze."

"Na kama, Mama..."

"Utanieleza tu. Nitakuwa na nafasi ya kusikiliza."

Nimemwahidi. Ningesemaje? Lakini nimekaa nikafikiri, Shemeji, na ahadi hizi mbili, ya kuwasha moto na ya kuja huko, hazikai pamoja. Mwenye msiba hakanyagi penye sherehe. Hapaki alama ya dini kwenye paji la uso. Hakuna anayeruhusiwa kumsujudia, na yeye haruhusiwi kumsujudia mtu. Nikija nikiwa na hali hiyo nitamchafulia mtoto siku yake. Nisipokuja nitakuwa nimemdanganya mama. Naomba uniambie lipi.

Mama anakusalimu.

Aravamudan


Madras,
7 Januari 1979

Shemeji,

Sote wazima. Nakuandikia haraka kati ya vipindi.

Kaka yako alinunua tikiti ya kuja huko sikukuu ya mavuno, Pongali. Alitaka kumbeba mama mwenyewe, amwekee mto kwenye treni, amlete aone. Alirudi nyumbani akiwa na tikiti mfukoni na chupa mpya ya kuwekea kahawa ya safarini. Nilimwambia umeniandikia kwamba mtaani kwenu kuna tetekuwanga, na kwamba akileta ugonjwa huo Maithili atapanda jukwaani na madoa. Aliamini. Alikwenda kuirudisha tikiti, akarudi, akaniambia, "Andika Aravamudan amsomee mama kadi kwa sauti."

Kwa hiyo msomee kadi. Nimeiweka humu ndani.

Kuhusu swali lako, usije. Mama anazungumza kama mgonjwa. Wewe ni mtu mzima.

Vedavalli


Kumbakonam,
15 Januari 1979

Shemeji,

Natumaini mmesherehekea Pongali vizuri. Kadi ilifika na ilisomwa.

Mto umepungua, ngazi zote zinaonekana tena. Ofisi imefungwa kwa sikukuu. Jirani zetu wamewapaka ng'ombe rangi kwenye pembe, nyekundu na kijani. Bwana Natesan amenipa ruhusa ya siku kadhaa bila kuniuliza sana.

Sina zaidi. Wasalimie.

Aravamudan


Madras,
18 Januari 1979

Shemeji Aravamudan,

Barua yako nimeipata leo. Nafurahi kusikia mto umepungua.

Umesahau kuandika salamu za mama. Wewe una mambo mengi, mtu husahau. Sitakuuliza, nawe usinijibu.

Maua ya nywele nimeshaagiza. Mikono yangu haitetemeki.

Baki huko Jumapili. Nakuomba. Baki huko.

Vedavalli


Kumbakonam,
1 Februari 1979

Shemeji,

Nakusalimu, na namsalimu Maithili kama atakubali kusikia jina langu. Najua sina haki ya kuandika. Lakini ulikuwa upande wa pili wa ukumbi na sahani ya maua, hukuona yote, na kaka najua hatakueleza.

Mama alifariki Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya Pongali, wakati watu wanachoma mikeka ya zamani mbele ya nyumba zao. Nilikwenda posta. Karani wa telegramu, niliyesoma naye, alinitazama usoni akauliza, "Unapeleka wapi?" Nikasimama hapo. Nyuma yangu mtu akasema, "Bwana, kama hupeleki, tupishe." Nikapisha.

Watu wa mtaa niliwaambia kaka ana homa kali hospitalini. Kuhani aliuliza tena mbele ya kila mtu, "Mwana mkubwa yuko wapi?" na Mama Pankajam akajibu kabla yangu, "Yuko Londoni." Niliwasha moto mimi. Kinyozi alininyoa kichwa na masharubu, kama anavyonyolewa aliyewasha moto. Baada ya hapo ndipo nilipokuandikia habari za ng'ombe.

Nilikuja Jumapili kwa sababu sikuweza kurudi kwenye ile nyumba na kumwambia kwamba sikwenda. Kuhani alikubali ibada za siku mbili niziunganishe na siku ya kumi; alidhani naenda kumtazama kaka hospitalini. Nilivaa ile kofia ya sufu inayofunika masikio, na shali. Kijana wa mlangoni alinicheka: "Mzee, umeshuka leo kutoka Himalaya?" Nikakaa nyuma kabisa, kando ya nguzo. Nadhani hapo ndipo mama angekaa.

Kuhusu Maithili sijui kuandika. Nilitazama kila kitu ili nikikumbuke kwa mpangilio, kama mtu anayejaza taarifa. Lakini ulipofika wimbo wa maziwa, mpangilio ulinipotea. Alishika kikombe ambacho hakipo. Krishna mdogo, naye hayupo, akageuza uso. Maithili, kabla ya kumsogezea tena, akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la sari, haraka, kwa kidole gumba. Shemeji, hakuna aliyemfundisha hilo isipokuwa mama. Ndivyo alivyotunywesha sisi wawili. Kaka alikuwa mstari wa mbele, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua na yeye amemwona mama. Anacheka kwa furaha. Alikuwa na furaha sana.

Mwisho, watu waliposimama kwa wimbo wa kufungia, bwana aliyekuwa pembeni yangu alininong'oneza, "Vua kofia, kijana, ni sala." Nikavua. Mtu akiniambia vua, mimi huvua. Sikufikiri kabisa mpaka nilipohisi upepo wa feni kichwani.

Kaka aliniona alipogeuka kuwashukuru watu. Alikuja akikata kati ya viti. "Wewe mjinga, unajificha nyuma ya nguzo? Umetoka kunyolewa hekaluni Tirupati?" Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama tikiti maji. "Ulimwekea mama nadhiri, siyo? Amepona?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Yeye alikuwa ameshageuka anaita, "Maithili, njoo, baba mdogo amekuja. Pokea baraka za bibi kupitia kwake."

Akaja na njuga zake miguuni, jasho na vito na rangi zote usoni. Akakunja magoti, akanyoosha mikono ishike miguu yangu.

Nikarudi nyuma.

Hatua moja tu. Sikuamua, Shemeji, naapa. Uongo mwingine wote niliuweza kwa mdomo, lakini miguu haikukubali kusujudiwa. Alibaki pale chini, mikono yake juu ya sakafu tupu. Akainua macho. Akatazama kichwa, halafu akatazama paji la uso wangu ambalo halina alama. Hakulia. Kaka alikuwa anatabasamu bado, anasema, "Una nini, mguu unauma?" Kisha naye akatazama.

"Lini?"

"Jumamosi ya wiki iliyopita."

Aliinama akamfungua mtoto njuga, mguu mmoja, kisha mwingine, akaziweka kwenye kiti. Hapo ndipo ulipofika wewe na sahani.

Kwenye treni alikaa behewa lake, mimi langu. Siku ya kumi alinyolewa na kinyozi yuleyule, akasimama kando yangu mtoni, akarudia maneno ya kuhani. Watu walimpa pole ya homa. Akapokea. Alirudi Madras bila kuniita jina.

Aravamudan


Madras,
20 Februari 1979

Shemeji Aravamudan,

Salamu. Tuko wazima, kama neno hilo bado lina kazi.

Kaka yako anakwenda benki, anarudi, anakula. Tunazungumza. Ananiambia mchuzi hauna chumvi, namwambia umeme ulikatika. Nilipomweleza kwamba wazo la kunyamaza nililiunga mkono mimi, na kwamba tetekuwanga niliitunga mimi, alisema, "Najua. Aravamudan hawezi kutunga."

Hakunilaumu kwa sauti hata mara moja. Ningependa alaumu.

Maithili amezifunga njuga kwenye kitambaa. Walikuja watu wa chama cha muziki kumwomba acheze mwezi wa nne, akawakatalia mwenyewe mlangoni, akasema, "Nyumba hii ina msiba." Nikamwambia msiba wa mwaka ni wa baba yako, wewe ni mjukuu, hakuna kuhani atakayekuzuia. Akanijibu, "Mlinifanya nicheze wakati bibi hajamaliza siku zake kumi. Mimi niliuliza kila siku kama atakuja, na wewe ulikuwa unanisuka nywele. Ningengoja, Mama. Hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli. Mimi, wewe na mama tulipanga kila kitu, na hakuna aliyemuuliza mtoto.

Mwalimu Arunachalam ameondoka kwenda Nagpur. Macho yamezima kabisa. Alisema hatafundisha tena. Kwa hiyo mama hakukosea kukataa tungoje mwaka. Hilo nalo nimejaribu kulishika, halinipi joto. Nikisema tulikosea, nitakuwa namtukana mama. Nikisema hatukukosea, namtazama mume wangu akikoroga kahawa.

Mwezi ujao atakuja huko kwa ibada ya mwezi. Amesema hatakula kwako. Mpikie hata hivyo.

Sikasiriki tena kwamba ulikuja. Nilikasirika, sasa basi.

Vedavalli


Kumbakonam,
16 Machi 1979

Shemeji,

Salamu. Joto limeanza mapema, mto ni mchanga mtupu katikati. Bwana Natesan amerudisha meza yangu mahali pa zamani. Anasema siku hizi nashtuka hata akiwa hajakohoa.

Kaka alifika Jumanne. Nilipika wali, dengu, na ndizi za kukaanga. Aliitazama sahani muda mrefu, akala kidogo. Ibada tulifanya asubuhi ya pili, kuhani akaondoka, tukabaki wawili. Nilikuwa nafagia ua, ndipo akasema kutoka kibarazani, kwa sauti ya kawaida, "Moto uliwasha saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Akakaa akihesabu kitu kichwani. "Saa nane nilikuwa kwa fundi cherehani, napimwa shati la onyesho. Aliushika vibaya utepe, akanipima kiuno kama cha tembo. Nilicheka mpaka wateja wengine wakacheka." Akatazama kisima. "Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa mchana mzuri."

Nikaendelea kufagia.

"Ulilia?"

"Hapana, kaka. Niliogopa kukosea."

"Ulikosea?"

"Mtungi wa maji wa kuuzungukia mwili nilianza kuuweka bega la kulia. Kuhani akanisahihisha."

Akainuka akaingia jikoni. Nikasikia vyombo vinagongana, nikadhani anatafuta maji. Alitoka amebeba ule mtungi wa shaba wa mama, umejaa. Akauweka bega la kushoto. Akasimama katikati ya ua, hana shati, maji yanamwagika mgongoni.

"Nionyeshe," akasema.

"Kaka, jambo hili halifanywi nyumbani. Na halifanywi mara ya pili."

"Nionyeshe tu, Aravamudu."

Ni mara ya kwanza kuniita jina tangu Januari. Nikaweka ufagio chini. Nikamwambia azunguke, lakini si kwa mkono wa kulia kama hekaluni, azunguke kinyume. Akazunguka polepole, anatazama chini, pale katikati ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa majani niliyoyakusanya. Kila mzunguko ananiuliza, "Hivi?" nami nasema, "Hivi, kaka." Mama Pankajam alichungulia juu ya ukuta, akatuona, akashuka.

Mzunguko wa mwisho alisimama, amenipa mgongo.

"Halafu?"

"Halafu unauachia uanguke nyuma yako. Unakwenda zako, hugeuki kutazama."

Alisimama hapo. Maji yalikuwa yamebaki kidogo ndani, nayasikia yanagonga shaba. Nilingoja sauti ya kuanguka. Jua lilihama kutoka kisimani hadi miguuni kwake.

Hakuuachia. Mwishowe nilikwenda nikashika upande mmoja wa mtungi, kwa sababu bega lilikuwa limechoka, tukasimama tumeushika wawili.

Ameondoka leo kwa treni ya asubuhi. Nimekuandikia nyumbani safari hii, si shuleni. Akitaka kuisoma, aisome.

Aravamudan